Fyuzi ya Mwisho ya El Garas

Kama kuna jambo linaloweza kunipandisha presha hata kabla sijanywa chai, ni kumwona mtu mzima, mwenye ndevu na wajukuu, akisimama mbele ya pampu iliyozimika na kusema kwamba fyuzi imekataa. Fyuzi haikatai. Haina nafsi, haina ukoo, haina mtu inayemchukia. Ni kipande cha kauri nyeupe chenye unene wa kidole, ndani yake mna mchanga na kijiwaya chembamba, na kazi yake ni moja tu: umeme ukizidi, kile kijiwaya kinayeyuka, njia inakatika, na pampu inanusurika. Nimelieleza hili kwa Kisomali, nikalieleza kwa Kiswahili, na siku moja nililieleza kwa mikono na matusi kidogo. Bado watu wa El Garas wananiambia, Samsam, fyuzi yako ina kiburi.

Yako. Kana kwamba niliizaa mimi.

El Garas si mji. Ni kisima na vibanda vyake, kando ya njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Modogashe kwenda Garissa. Kuna jenereta ndani ya kibanda cha mabati, kuna kisanduku cha chuma ukutani chenye swichi na fyuzi, na kuna waya mnene uliofukiwa ardhini, unaotoka kwenye kisanduku, unapita kando ya hori la kunyweshea mifugo, mpaka kwenye mdomo wa kisima. Pampu yenyewe iko chini kabisa, ambako hakuna anayeiona, na pengine ndiyo maana hakuna anayeihurumia. Mimi ndiye mtunza pampu. Kamati ilinichagua baada ya wanaume wawili walionitangulia kukamatwa wakinyonya dizeli ya kisima na kuwauzia wenye malori. Nilipelekwa Garissa kwa mafunzo, nikarudi na cheti, ufunguo wa kisanduku, na kijitaa cha kupimia fyuzi. Cheti kiliwapendeza sana. Yale niliyofundishwa hawakuwa na haja nayo.

Ukame ulipokaza, pampu ikaanza vituko. Asubuhi, wakija mbuzi na punda wa kubeba maji ya nyumbani, inafanya kazi vizuri kabisa. Wakija ngamia wengi, hori likijaa na maji kumwagika pembeni, pampu inazimika. Nafungua kisanduku, natoa fyuzi, naigusisha kwenye kijitaa changu. Kauri haionyeshi kwa nje kama imekufa, lazima uipime. Kijitaa hakiwaki. Basi natia nyingine, pampu inaunguruma, maji yanatoka, na mara nyingine inadumu mpaka kesho, mara nyingine hata birika la chai halijachemka imezimika tena. Jua likishapiga na tope likakauka, fyuzi mpya inakaa bila tatizo. Nilikagua kila kitu ndani ya kile kisanduku. Nilikaza kila skrubu. Nilimpigia simu mhandisi wa maji, naye kila mara akaniambia kwa sauti tamu kwamba atakuja wiki ijayo, mpaka nikaanza kuamini kwamba katika kalenda yake kuna wiki moja tu, nayo ni ijayo.

Na hapo sijakuambia habari za Yakub. Yakub ana duka la vifaa vya umeme Garissa, na ana ulimi wa kumuuzia kipofu kioo. Mara ya kwanza nilimwelekeza kwa simu fyuzi ninayoitaka, nikamtajia urefu, unene, na namba iliyoandikwa ubavuni. Akanitumia kwa basi mfuko wa fyuzi za gari, zile za plastiki zenye rangi kama peremende. Nilipompigia akasema, "Dada, fyuzi ni fyuzi, wewe bana kidogo itaingia." Mara ya pili akaleta za kauri, ukubwa ule ule, lakini nilipozitikisa karibu na sikio sikusikia mchanga. Zilikuwa tupu. Zilikufa jenereta ilipokohoa tu. Mara ya tatu, baada ya mimi kumweleza nitakachomfanya nikija Garissa, akaniletea za kweli. Lakini chache.

Sasa nikueleze mambo mawili ambayo wakati ule niliyaona kila siku na kuyapuuza.

La kwanza ni ngamia. Hori letu ni refu, limejengwa kwa saruji, linatosha kundi zima kupanga shingo. Lakini ngamia walikuwa hawataki kunywea upande wa mashariki. Wanajisonga wote upande wa magharibi, wanasukumana, wanapandiana, na wenye ngamia nao wanaanza kutukanana na kuinua fimbo. Wazee walisema upande ule una jini. Wengine wakasema kuna kundi la ngamia wa watu fulani lililokojoa pale, na ngamia wetu wana heshima zao. Mimi nilisema ni wachungaji wasiojua kushika mifugo yao. Nililisema kwa sauti kubwa, mbele yao, na halikuniongezea marafiki.

La pili ni miiba. Mzee Jelle, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na hakika kwamba kuna mtu anayekuja kuchezea mitambo yetu tukiwa tumeondoka. Dawa yake ni ile ambayo watu wetu wameijua tangu enzi: ukitaka kulinda kitu, kizungushie miiba. Akaamuru ua wa matawi ya mgunga kutoka kwenye kibanda cha jenereta, kando ya hori, mpaka kwenye mdomo wa kisima. Kila fyuzi ilipokufa, aliamuru safu nyingine juu yake. Wanaume wakakata, wakaburuta, wakarundika. Ile miiba ni mirefu na migumu, inatoboa gurudumu la pikipiki. Ngamia waliposukumana wakaukanyaga ua, matawi yakazama kwenye tope, na Mzee Jelle akaamuru mengine. Nilimwambia, adeer, yaani ami yangu, mwizi wa umeme haogopi miiba. Akanijibu kwamba mimi kazi yangu ni kisanduku, ua ni kazi ya wanaume. Nikameza hasira, nikamwacha na ua wake.

Basi ikafika siku nikabaki na fyuzi mbili. Moja niliitia kwenye kisanduku mbele ya kamati, nikawaambia hii ndiyo ya mwisho, tukimaliza hii tumekwisha. Ile nyingine niliifunga kwenye pindo la shungi langu, fundo dogo, na sikumwambia mtu. Ndiyo, nilidanganya, na sijuti, kwa sababu nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa njiani ikija kwa miguu.

Kaka yangu Nunow alikuwa anawaleta ngamia wa hooyo kutoka upande wa Hulugho. Hooyo ni mama yetu. Ngamia wale ndio mali yote aliyobakiwa nayo baada ya baba kufa, ndio maziwa yake, ndio jina lake mbele ya watu. Kule Hulugho malisho yalikuwa yameisha, na kila dimbwi alilopitia Nunow njiani alilikuta limekauka kama kigae. Alinitumia sauti kwenye simu, nikaisikia ikikatikakatika kwa upepo. Alisema wale wenye watoto wamechoka, na baada ya El Garas maji mengine yako mbali mno, hawatayafikia. Alisema, nakutegemea wewe, abaayo. Abaayo ni dada. Nunow si mtu wa kuomba, na aliponiomba niliingiwa na baridi katikati ya jua lile.

Ndiyo maana nilikuwa nalilinda lile fundo kama mboni ya jicho. Na ndiyo maana Rage alikuwa ananichosha roho.

Rage ni mkwe wa Mzee Jelle. Alikaa Eastleigh, kule Nairobi, miaka michache akitengeneza simu, akarudi na miwani ya jua na Kiswahili cha mjini, na tangu hapo hakuna kitu chenye waya ambacho hakijui. Yeye ndiye aliyeleta habari za msumari. Aliwaambia wanaume kwamba Nairobi hakuna mtu anayehangaika na fyuzi, fyuzi ikiungua unatia msumari mahali pake na kazi inaendelea. Wanaume wakapenda. Msumari ni kitu unachokielewa. Kikao kikaitishwa chini ya turubai, chai ikapikwa, na kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kuchinja na kuchuna mbuzi walijadili tabia ya fyuzi kana kwamba wanajadili binti asiyetaka kuolewa. Ni dhaifu. Inachagua watu. Inapenda mbuzi kuliko ngamia. Nilisimama nikawaambia kwamba msumari hauyeyuki, na kwamba umeme usipokatika kwenye fyuzi utakwenda kukatika kwenye pampu, na pampu ikiungua hakuna wa kuitoa chini huko mwaka huu wala mwakani. Mzee Jelle alinisikiliza kwa adabu yote. Halafu akasema, kwa hiyo msumari unafanya kazi?

Nilitia ufunguo kifuani, nikaenda zangu.

Nunow alifika Ijumaa, baada ya sala. Niliona vumbi kwanza, kisha nikaisikia ile kengele ya mbao ya ngamia jike anayeongoza, ngamia ambaye nilimkamua nikiwa msichana. Walikuwa wamekonda hadi nundu zimelala. Nyuma kabisa walikuja wale wenye watoto, polepole, na watoto wenyewe walikuwa wanatembea huku wameinamisha vichwa, kitu ambacho mtoto wa ngamia hafanyi akiwa mzima. Nunow alinisalimu kutoka mbali kwa kuinua fimbo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Sikumkumbatia, hatuna mambo hayo.

Kwa desturi yetu kundi lililotoka mbali zaidi ndilo linalopewa zamu ya kwanza, na kwa hilo nawasifu watu wa El Garas, hakuna aliyenung'unika. Nikawasha jenereta. Maji yakaja. Ngamia wakalivamia hori, na kama kawaida wakajisonga upande wa magharibi, shingo juu ya shingo, na nusu ya maji yakamwagika ardhini. Nunow alivua shati na viatu akaingia katikati yao kuwapanga, anawaita kwa majina, anawapigia ule mluzi wa kunywesha. Wale wa mbele walikuwa wamepata mafunda machache. Wale wenye watoto walikuwa bado nyuma, wanangoja.

Pampu ikazimika.

Sikuhitaji kupima, lakini nilipima. Kijitaa hakikuwaka. Nilipokifunga kisanduku kwa kufuli na kugeuka niliwakuta wote wamenizunguka, Mzee Jelle na fimbo yake, Rage na miwani yake, na Nunow, maji yakimtiririka kifuani.

"Abaayo," akasema, "tia nyingine."

Nikamwambia hakuna nyingine. Fundo lilikuwa linagusa mkono wangu.

Sitaki mtu afikiri ilikuwa rahisi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani. Ningeitia ile fyuzi, ingedumu kiasi gani? Kama ile ya kabla yake, mafunda machache, halafu nayo ife, na baada ya hapo tusiwe na chochote. Ngamia walikuwa wale wale, tope lile lile, kasoro ile ile ambayo sikuwa nimeiona. Fyuzi ilikuwa inaniambia kitu kila siku kwa kufa kwake na mimi nilikuwa sikielewi. Kutia nyingine ife hakutanielewesha. Hayo yote niliyajua. Lakini mtoto mmoja wa ngamia alikuwa ameshapiga magoti kule nyuma, na hayo nayo nilikuwa nayaona.

Rage akatoa msumari mfukoni. Alikuwa nao tayari, mrefu, mpya, unang'aa.

Nikamwambia Nunow, "Huo msumari ukiingia, pampu itaungua. Hakuna kundi litakalokunywa tena hapa."

"Kesho si yangu," akasema Nunow. Hakupaza sauti. "Ngamia wa hooyo wana kiu leo. Nipe ufunguo."

Sikumpa. Nilimtazama ndugu yangu wa tumbo moja machoni, nikamnyima. Naye hakuninyang'anya. Aligeuka tu akaondoka kuelekea kwa ngamia, na mgongo wake ule ulinichoma kuliko kama angenipiga.

Mzee Jelle hakuwa na haja ya ufunguo. Alimpa Rage ishara ya kidevu, Rage akaokota jiwe, na kufuli ambalo kamati yenyewe ilinikabidhi likavunjwa mbele ya kamati yenyewe. Msumari ukaingia mahali pa fyuzi. Jenereta ikaunguruma kwa sauti nzito kuliko kawaida, mimi niliisikia, na maji yakaja kwa wingi. Wanaume wakamshukuru Mungu, wakamshukuru Rage. Yeye akapanda juu ya jiwe karibu na ua wa miiba, akavua miwani ili anione vizuri.

"Umeona, sister?" akaniambia. "Msumari haina kiburi."

Mimi huwa nina hasira, wote wanajua, na hooyo alisema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Nilivua kiatu changu, kile cha mpira wa gurudumu, kizito, nikamrushia. Kilimpita sikioni kikaangukia ng'ambo ya ua. Rage akacheka. Basi nikamwendea mwenyewe, mguu mmoja una kiatu, mguu mmoja mtupu, njia fupi kabisa, kupitia kwenye tope la upande wa mashariki wa hori.

Kitu kikaniuma unyayoni. Nikadhani ni mwiba. Nikapiga hatua nyingine, na mguu ukaruka wenyewe, bila mimi kuuambia, na meno yakagongana.

Nilisimama pale mguu mmoja juu kama korongo, na akili ikanijia yote kwa pamoja. Jini la upande wa mashariki. Ngamia wenye heshima zao. Tangu ukame uanze walikuwa wanatuambia, na sisi sote tuliovaa viatu vya mpira tulikuwa tunabishana kuhusu mkojo. Umeme ulikuwa unavuja ardhini, na kila tope lilipojaa uvujaji ukawa mkubwa, fyuzi ikakata. Sasa hapakuwa na fyuzi ya kukata. Palikuwa na msumari.

Nikainua macho. Wale wenye watoto walikuwa wamefika, na kwa kuwa upande wa magharibi umejaa, mtoto mmoja alikuwa amesukumwa mpaka mashariki. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, kisha ikakunjika, akaanguka ubavu kwenye maji. Na Nunow, miguu mitupu, kifua kitupu, amelowa kuanzia nywele, alikuwa anamwendea kumwinua.

Sikumwita. Angegeuka na kuuliza nini, kama kawaida yake, huku anaendelea kutembea. Nilikimbia kwenye kibanda cha mabati nikashusha wenzo wa jenereta kwa mikono miwili.

Kimya kikaanguka. Maji yakakoma. Halafu zikaja kelele za wanaume, na majina waliyoniita siku ile siwezi kuyarudia kwa sababu baadhi yao nawaheshimu. Nilipotoka nje Nunow alikuwa anakuja na fimbo. Sijawahi kumwona na uso ule. Nyuma yake yule mtoto wa ngamia alikuwa anainuka, anapepesuka, mama yake anamnusa.

Ningemweleza vipi? Nimekuwa nikieleza tangu nilipotoka Garissa na cheti changu, na maelezo yangu hayajawahi kumpa mtu hata kikombe cha maji. Nilimpita. Nikapiga magoti kwenye tope kando ya hori, upande ule ule wa mashariki, nikaanza kung'oa ile miiba kwa mikono. Ilinichana mpaka kwenye viwiko. Chini ya matawi mapya yalikuwepo ya zamani, chini ya ya zamani lilikuwepo tope, na chini ya tope, karibu sana, kwa sababu mvua za mwisho zilikuwa zimebeba udongo, nikaugusa ule waya. Nikauvuta juu. Ulikuwa umechomwa na miiba huku na huku, kama mto wa sindano wa fundi cherehani, kila mmoja umeshindiliwa na nyayo za ngamia. Mwiba mmoja ulikuwa umepenya ngozi ya waya mpaka ndani, na pale ulipoingia palikuwa pameungua, peusi, pananuka mpira.

Nikamwonyesha Nunow. Aliinama. Aliugusa ule mwiba kwa ncha ya kidole, akautazama ua kuanzia kwenye kibanda mpaka kwenye kisima, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Nilihisi kitu kinanichoma miguuni," akasema. "Nilidhani ni uchovu."

Akaitupa fimbo.

Kwa hilo nilitaka kulia, lakini hapakuwa na nafasi. Nikamtuma Nunow aling'oe lile tawi na mengine yote. Na yeye akafanya, na alipoanza yeye, vijana wa kundi lake nao wakaanza, na Mzee Jelle akabaki amesimama akiona ua wake unaburutwa mbali. Alisema kitu kuhusu ruhusa ya kamati. Vijana wakampita na matawi yao. Nikakata pale palipoungua, nikaunganisha, nikafunga kwa utepe wa umeme, na juu yake nikazungushia vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ya Rage. Ndiyo, ya Rage. Sikumwomba, nilimwelekezea kisu tu. Kila kitundu nilichokiona nilikifunga hivyo hivyo. Kisha tukauinua waya juu ya vijiti vya panda, mbali na tope na mbali na nyayo. Nikaenda kwenye kisanduku nikautoa msumari. Ulikuwa bado wa moto. Nikamrudishia Rage, naye akaurusharusha kutoka kiganja hadi kiganja.

Wote wakakitazama kisanduku kilichobaki wazi, na ile nafasi tupu ya fyuzi.

"Sasa?" akauliza Mzee Jelle. "Utatia nini?"

Nikashika pindo la shungi langu. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, ikabidi nilifungue kwa meno. Nikaitoa fyuzi, nikaitikisa kwanza karibu na sikio kwa mazoea, nikausikia mchanga.

 Nunow aliitazama ile fyuzi, kisha akanitazama mimi.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Wakati nakuomba?"

"Wakati unaniomba."

 Nilijua anachowaza. Alikuwa anamwona yule mtoto aliyepiga magoti, na mimi nimesimama pale na maji yake kwenye pindo la nguo. Ningeweza kumwambia kwamba ingeungua kama zile nyingine, na kwamba ni hii moja tu iliyobaki ndiyo inayomwezesha kunywesha sasa. Sikumwambia. Nilichoka kueleza. Aligeuka akarudi kwa ngamia wake, na mimi nikaitia fyuzi mahali pake, nikavua na kiatu kilichobaki, nikaenda kusimama kwenye tope la upande wa mashariki. Nikampigia kelele kijana mmoja wa kundi la Nunow awashe jenereta.

Unyayo wangu haukuhisi kitu ila baridi ya tope.

Maji yalipojaa, ngamia mwenye kengele ya mbao aliinua kichwa, akanusa, akaiacha foleni ya magharibi. Akaja polepole mpaka niliposimama mimi, akainamisha shingo yake ndefu kando yangu, akanywa. Wengine wakamfuata. Wakapanga shingo hori zima, wakubwa na wadogo, na hapakuwa na hata fimbo moja iliyoinuliwa. Walikunywa mpaka jua likashuka, na fyuzi ikakaa. Nunow alikuwa upande ule mwingine akiwapigia mluzi. Hakuja upande wangu, na alipoondoka kwenda kulala na kundi lake hakuniaga.

Usiku ule sikulala vizuri. Niligombana naye kichwani kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na mara zote mbili nilishinda, na ushindi haukunisaidia kitu.

Asubuhi Hamda, mke wake, alikuja kwenye kibanda changu. Alikuwa amebeba dhiil, kile chombo cha kusukwa tunachokamulia maziwa, kimefukizwa vizuri, bado kina joto. Aliniambia ni maziwa ya kwanza tangu wanywe, ya yule mwenye kengele. Kwetu maziwa ya kwanza hayapelekwi kwa mtu uliyemkasirikia. Nilimuuliza Nunow amesema nini. Hamda akasema hajasema kitu, amekamua tu, akamwambia apeleke kabla hayajapoa.

Basi nikakaa mlangoni, kiatu changu cha ng'ambo ya ua kimesharudi mguuni, nikayanywa. Yalikuwa na harufu ya moshi na ya nyumbani kwa hooyo. Sikuona haya kwamba machozi yalinitoka, hapakuwa na mtu.

Au nilidhani hapakuwa na mtu. Niliposhusha chombo nikasikia kitu kinakwaruza ardhini. Ni Rage, miwani usoni, anaburuta tawi kubwa la mgunga kuelekea pale tulipounganisha waya. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba Mzee Jelle ameamuru: ile sehemu sasa ni ya thamani sana, kwa hiyo lazima ilindwe.

Nikaiweka dhiil chini taratibu, nikahakikisha imekaa sawa, isije ikamwagika. Kisha nikavua kiatu.